Kiitikio Kilikwenda Wapi?

Tulikwama Sae, hapa Mbeya. Mvua ilikuwa imeshika tangu mchana, malori yaliyotoka Tunduma yamepanga foleni mbele yetu hadi macho yanapoishia, na daladala ya Uyole imejaa kiasi kwamba konda mwenyewe kainama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Dereva alikuwa na flashi yake ya nyimbo za zamani. Alianza na Kenny Rogers, akaja Dolly Parton, na abiria tukawa tunaimba chinichini, kila mtu na pale anapopajua. Ilipoingia "Dancing Queen" ya ABBA, mama mmoja mwenye kiroba cha viazi miguuni akaanza kutikisa mabega. Hata foleni ikawa nafuu.

Kisha ukaingia wimbo mwingine. Sauti ni ileile ya Agnetha, mmoja wa wanawake wawili wa ABBA, ila sasa yuko peke yake.

Kinanda kinazunguka mahali pamoja. Mwanamke anaeleza siku yake moja: lazima alitoka nyumbani saa mbili asubuhi kwa sababu ndiyo kawaida yake, lazima alisoma gazeti kwenye treni, ofisini kulikuwa na karatasi za kushughulikia, jioni akarudi na chakula cha Kichina alichonunua njiani. Hana uhakika na lolote. Anakisia tu siku yake mwenyewe.

Konda alivumilia beti mbili tatu.

"Dereva, huyu dada anaimba au anatoa maelezo polisi?"

Gari zima likacheka, na mimi nikiwemo. Dereva akasema tungoje kiitikio, kitachangamka. Tukangoja. Wimbo ule una karibu dakika sita, na kiitikio hakikuja. "Kumbe ni wa msiba," akasema mama wa viazi, na dereva akabonyeza, wakaingia Boney M.

Unaitwa "The Day Before You Came". Ningeusahau kabla sijashuka Uyole, ila siku chache nyuma, kwenye kikao cha kwaya yetu, mtu alikuwa ametamka karibu maneno yaleyale kuhusu wimbo mwingine kabisa. Wa msiba. Hauna kiitikio. Nani atausikiliza?

Nitafika huko.

## Kaseti za Baba

Sina haja ya kukueleza ABBA ni akina nani, wale Waswidi wanne. Kama nyumba uliyokulia ilikuwa na redio kaseti, unawajua. Kwetu Uyole walifika kwa njia ya kilimo. Kile kituo cha kilimo kilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki, na wataalamu wao walipomaliza mikataba na kurudi makwao waliacha vitu: viti, masufuria, baiskeli, kaseti. Baba alikuwa dereva pale. Kaseti zake zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu uliofifia, na zote zilikuwa za kuchezeka. Kulikuwa na "Waterloo", ile iliyowapa ushindi wa Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, kule Brighton mwaka 1974. Kulikuwa na "Mamma Mia". Kulikuwa na "Fernando", ambao mama aliamini kabisa kwamba ni wimbo wa dini, na hakuna aliyethubutu kumwambia vingine.

Kwa hiyo niliwajua kama watu wenye furaha iliyopitiliza na nguo za kung'aa. Hicho kipindi chao cha mwisho, cha giza, sikukutana nacho mpaka ukubwani, nilipoanza kununua bando.

Na hata madukani kilikuwa kimefichwa. Mkusanyiko wao uliouzwa kuliko yote, ABBA Gold wa mwaka 1992, una nyimbo 19. Albamu yao ya 1981, The Visitors, imetoa humo wimbo mmoja tu, "One of Us". Huo wa kwenye daladala haumo kabisa. Uliwekwa kwenye mkusanyiko wa pili, mwaka mmoja baadaye. Aliyempakulia dereva ile flashi ama ni mtu mwenye masikio, ama alibofya tu.

## Ndoa mbili

Ukiuliza kwa nini sauti yao iligeuka, utajibiwa kwa neno moja: talaka.

Jibu hilo lina uzito. Walikuwa ndoa mbili kwenye jukwaa moja. Agnetha na Björn walitangaza kuachana mwaka 1979. Benny na Frida wakafuata mwaka 1981. Katikati hapo, mwaka 1980, ukatoka "The Winner Takes It All": maneno kaandika Björn, anayeimba ni Agnetha. Björn amesema mara nyingi kwamba ile si hadithi yao ilivyokuwa, kwamba kwao hakukuwa na mshindi wala mshindwa. Namwamini nusu. Hata kama kila mstari ni wa kubuni, bado kuna siku mwanaume alimkabidhi mke aliyeachana naye karatasi yenye maneno ya mwanamke aliyeshindwa, akamwambia haya, kaimbe. Naye akaingia, akaimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba.

Ila talaka haielezi kila kitu, na hapa ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

"Knowing Me, Knowing You" ni wimbo wa watu wanaohama nyumba baada ya mapenzi kwisha, vyumba vitupu, watoto hawapo. Ulitoka kwenye albamu mwaka 1976, na kama singo mwanzoni mwa 1977. Anayeongoza ni Frida, na wakati huo yeye na Benny walikuwa hawajafunga hata ndoa. Walifunga mwaka 1978. Aliimba kuachana kabla hajaolewa! Nenda nyuma zaidi, "SOS" ya 1975, kila mtu yuko na wake na nyumba ina amani. Sikiliza beti zake. Huzuni imejaa tele.

Basi huzuni haikuanza 1979. Kilichobadilika ni kitu kingine, na nilihangaika nacho wiki nyingi, nikipika, nikipalilia, nikiwa kanisani hata wakati wa mahubiri.

## La kwenda do

Kilichonisaidia ni kuchukua "SOS" na kuifanyia kama tunavyofanya mazoezini: kuiandika kwa solfa, yaani do, re, mi.

Ubeti unakaa kwenye la. Aliyeimba kwaya za huku anajua nina maana gani. Wimbo ukianzia la na kutulia kwenye la, hata watoto wanaacha kukimbia. Agnetha anaimba peke yake, kinanda kinamfuata kwa woga. Halafu inakuja sehemu ya kupanda, wimbo unahama unakwenda do, na Frida anaingia. Sauti mbili zinakuwa watu kumi. Hilo si fumbo: fundi mitambo wao, Michael B. Tretow, alikuwa akiwarudisha kurekodi sauti ileile juu ya ile ya kwanza, huku akibadilisha kidogo sana mwendo wa utepe ili sauti zisilingane sawasawa. Ile tofauti ndogo ndiyo inayolifanya kundi lisikike nene. Wanawake wawili wakawa umati.

Sikiliza tena sasa. Ubetini mtu ana shida. Kiitikioni bado anayo shida ileile, maneno yenyewe ni ya kuomba msaada, lakini hayuko peke yake. Furaha ya ABBA miaka ile ilikuwa ni suala la idadi ya sauti. Hawakuwahi kusema mambo ni mazuri. Walihakikisha tu kwamba anayelia ana wa kumwitikia.

Miaka saba baadaye wakaandika wimbo ambao anayelia haitikiwi.

Hilo ndilo badiliko. Mavazi, vinanda vya elektroniki, hata talaka zenyewe, naviweka chini yake.

## Jalada

The Visitors ilitoka Novemba 1981. Itazame kwanza kabla hujaisikiliza. Picha imepigwa Skansen, Stockholm, ndani ya chumba cha kazi cha mchoraji wa zamani, Julius Kronberg. Nyuma yao kuna mchoro mkubwa wa Eros, yule mungu wa mapenzi wa Wagiriki, na mbele yake wamesimama na kukaa watu wanne, kila mmoja na kona yake. Hawatazamani. Rangi yote ni ya kahawia na wekundu hafifu wa taa.

Wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, ni wa mtu aliyejifungia ndani akisikia hatua na kengele ya mlango. Björn alikuja kueleza kwamba alikuwa akiwafikiria wapinzani wa utawala wa Kisovieti. Kundi la "Dancing Queen"! Frida anaimba kwa sauti iliyobanwa mpaka unahisi ukuta. Yeye huyohuyo anaimba "When All Is Said and Done", kuhusu ndoa yake mwenyewe iliyokuwa imevunjika mwaka huohuo. Agnetha anaimba "Slipping Through My Fingers", mama anamwangalia binti akitoka na mkoba kwenda shule. Binti mwenyewe ni Linda, mtoto wake na Björn. Huo ndio unaonimaliza. Sitasema zaidi.

Si albamu kamilifu. Kuna "Two for the Price of One", wimbo wa mzaha ambao mpaka leo sijui ulifuata nini humo ndani. Na katikati ya kurekodi walihamia mashine ya dijitali, kwa hiyo baadhi ya nyimbo zina usafi fulani wa baridi, usafi wa wodi. Mimi naona umewafaa. Wengine wanaona ndio ulioiua ladha.

Halafu Agosti 1982 wakaurekodi ule wa daladala. Benny karibu vyombo vyote anapiga mwenyewe. Inasimuliwa kwamba Agnetha aliimba taa za studio zikiwa zimepunguzwa. Frida yumo, lakini mbali, sauti ya juu isiyo na maneno inayopita nyuma. Haji kusimama naye. Uingereza, nchi waliyoshika namba moja mara tisa, wimbo huu ulifika namba 32.

## Mwavuli

Sasa kikao chetu.

Mwenzangu wa sauti ya pili alifariki mwaka jana. Alikuwa akisimama kushoto kwangu miaka yote. Kawaida yake ilikuwa kuchelewa: anaingia tumeshaanza, mwavuli unachuruzika, anaketi, ananong'ona, "Tuko ukurasa gani?" Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilinyooka. Mimi nina tabia ya kupanda noti zikiwa ngumu, na yeye ndiye aliyekuwa akinishusha bila kunitazama.

Baada ya miezi mwalimu wetu akaleta wimbo, kaandika solfa kwenye karatasi ya manila kama kawaida. Unaanza la, unakwisha la. Tulitegemea mbingu, malaika, tutaonana ng'ambo. Hakuna. Kuna mwavuli. Kuna daftari ndani ya mfuko wa rambo. Kuna swali la ukurasa. Kuna jinsi alivyokuwa akihesabu nauli kwa sauti kabla ya kupanda gari. Beti nne, sauti ya pili inaimba peke yake, wanaume wa tena na besi wanavuma midomo imefungwa, sauti ya kwanza kimya mpaka ubeti wa mwisho. Umekwisha.

Mwalimu hasikilizi ABBA. Nilimuuliza.

Kikao chenyewe kilikuwa cha kupanga albamu. Mweka hazina alizungumza kwanza, na sikumlaumu: michango ni ya washirika, video inalipwa, na fundi wa video anataka nyimbo za kucheza. Ameshatuambia tutakwenda maporomoko ya Kaporogwe au ziwa Ngosi, kama kila kwaya ya mkoa huu, tuvae sare, tupige hatua kwenye majani. Huu tutauchezaje? Mmoja akasema ni wa msiba. Mwingine akapendekeza tuongeze pambio mwishoni, mdundo upande, watu watoke wamefurahi. Kijana wa kinanda akaonyesha palepale. Akabonyeza sebene, akapiga pambio la ufufuo juu ya nyuzi zilezile, na lilikaa vizuri kabisa.

Ndicho kilichoniudhi. Lingekataa kukaa ningekuwa na hoja.

Kisha akanyanyuka mzee wa kanisa anayetulea, mtu asiyesema mengi. Akasema hana shida na huzuni, Zaburi zimejaa huzuni. Shida yake ni kuwaacha watu pale. "Mnawapeleka wafiwa kaburini vizuri sana," akasema, "halafu mnawaacha hukohuko na giza linaingia. Nani anawarudisha nyumbani?"

Hakuna aliyemjibu. Mwalimu aliangalia karatasi yake ya manila.

Nimeitafutia jibu hoja ya mzee tangu siku ile na bado naiona ina nguvu kuliko za wote. Kwetu kiitikio ndipo kanisa zima linapoingia. Kukiondoa ni kumwambia mtu: hili ni lako, libebe. Kuna wanaoita huko ndiko kukomaa. Sina hakika. Nimesikia vijana wengi wakivaa nyeusi, wakashusha mwendo wa wimbo, wakaambiwa wamekomaa, na ndani hakuna kitu. Mtu hana hata mwavuli mmoja wa kutaja.

Ila kuna usiku nilikaa na wimbo wa Agnetha kwenye spika za masikioni, na bati juu linapigwa, na nikafika pale anaposema lazima alisikia mvua juu ya paa usiku ule. Nikagundua kinachonivuta si huzuni yake. Ni kwamba hajui. Siku ile kwake haikuwa na maana yoyote ilipokuwa inapita, kwa hiyo hakuiangalia. Maneno yanadai kwamba huyo aliyekuja kesho yake aliyaleta maisha. Muziki hauamini. Kuna wanaosikia mpenzi, kuna wanaosikia kifo, na wimbo haumsaidii yeyote kati yao. Kiitikio kingeingia hapo, hata cha sekunde ishirini, kingetuambia nani alikuja, na ningeacha kuukumbuka siku ya pili.

Wimbo wa mwalimu nao uko hivyo. Ile siku ya mwisho mwenzangu aliyoniuliza ukurasa, nilimwonyesha kwa kidole bila kugeuka. Pambio lolote tutakaloongeza litaifunika siku hiyo.

## Hofu ya mweka hazina

Lakini angalia walikoishia. Baada ya wimbo ule walitoa mwingine mmoja mwisho wa 1982, wakaacha. Hawakutangaza, waliacha tu. Benny na Björn wakaenda kuandika muziki wa maigizo. Mtu mwenye kuhesabu pesa ana haki ya kuuliza: giza ndilo lililoliua kundi, au kundi lililokuwa linakufa ndilo lililotoa giza?

Nadhani ni la pili, ila nadhani tu. Sauti zilikuwa zimeshatengana kabla muziki haujakiri. Walichofanya 1982 ni kuacha kumwita Frida asogee karibu na kipaza sauti wakati hasogei tena kwa moyo.

Walirudi Novemba 2021 na albamu ya Voyage. "I Still Have Faith in You" inaanza na Frida, sauti imeshuka kwa umri, na baadaye wote wanaingia na mlima wa sauti kama zamani. Kiitikio kilirudi. Nimeusikiliza, ni mzuri. Sijaurudia.

## Tulipofikia

Kamati imekaa tena. Pambio halitaongezwa, mwalimu alisema wakiliongeza waandike jina la mtu mwingine juu ya wimbo. Video haitakuwepo, hilo mweka hazina kashinda. Kijana wa kinanda ameomba aruhusiwe hata kayamba, akakataliwa, akanuna, kisha mazoezini akapiga nyuzi tupu polepole, akapiga vizuri kuliko sisi tulivyoimba. Ubeti wa pili nimepewa mimi. Nimepanda noti mara zote tulizojaribu, na sasa mwalimu amemsimamisha besi mmoja kushoto kwangu anivumie fa sikioni.

Albamu itakuwa na nyimbo nane. Huu umepangwa wa saba, wa nane ni wa Pasaka, na mzee ameomba fundi asiache hata sekunde moja ya kimya kati yake na huo wa Pasaka. Mwalimu amekubali. Mimi ningeacha tano, lakini mimi si mjumbe wa kamati.